Paki ya maji ni nzuri, lakini maji ya kunywa ya mwanangu yaliishia getini

Asalaam alaykum. Nianze na nyota kabisa ili asopenda kusoma marefu ajue: nyota tatu kati ya tano. Michezo naipa tano, usafi nne, wafanyakazi wa ndani tano, na pale getini kwenye ukaguzi wa mabegi nyota moja, na hiyo moja ni ya yule dada anaekagua wanawake, maana alinikagua kwa heshima zake, pembeni kwenye kipazia, na kila kitu alokitoa kwenye mkoba alikirejesha pale pale alipokikuta. Jina la paki silitaji, sitaki kumharibia mtu biashara yake, ni moja katika hizi zenye mabwawa na maslaidi huku kwetu Unguja, na naamini wenyewe wakisoma watajijua.

Tulikwenda tarehe 12 Januari, sikukuu ya Mapinduzi. Watoto wa dada yangu walikuwa wameletwa kutoka Pemba kuja kuona fashifashi, usiku wa kuamkia siku ile hakuna aliyelala mapema, na asubuhi washaamka wananidai ahadi yangu ya kwenda kuogelea. Baba watoto yuko bara kikazi kwahiyo ni mimi, mama yangu, wanangu watatu na hao wawili wa Pemba, jumla watu saba, na mdogo kabisa ana mwaka na miezi miwili. Na joto la kaskazi mnalijua, saa nne asubuhi ukuta wa nyumba ushapata moto ukiugusa, upepo unapuliza lakini unapuliza wa moto.

Sasa lazima niseme kitu ili mtu asione nalalamikia chupa za maji tu. Mwanangu wa kati, ana miaka tisa, ana sikoseli. Kwa wasoijua, chembe zake za damu zikikosa maji ya kutosha zinapinda zinakuwa kama mundu, ndo maana kwa Kiswahili cha hospitali wanaita selimundu, zikishapinda zinanasiana kwenye vimishipa vidogo damu haipiti, na hapo ndo anapata yale maumivu ya mifupa na mgongo ambayo mzazi akiyaona mara moja hayasahau. Kliniki kila tukienda la kwanza tunaloulizwa ni maji, anakunywa kiasi gani, na juani anazidishiwa. Halafu figo za watoto hawa haziwezi kushikilia maji kama zetu, anakojoa sana, kwahiyo anayokunywa yanatoka haraka na inabidi yarudishwe tena. Kwa hiyo mimi nikitoka na mwanangu huyu hata kwenda Darajani tu natoka na chupa, sembuse siku nzima kwenye jua na mabwawa.

Basi siku moja kabla ya kwenda nishaanza kujitayarisha. Kwenye ukurasa wao wa mtandaoni niliangalia, wameandika vyakula vya nje haviruhusiwi, nikasema sawa, nao wana kantini wanataka kuuza, chakula sikubeba hata kisheti. Vinywaji hawakuandika chochote. Nikachemsha maji, nikayapoza, nikajaza dumu la lita tano. Nikawatolea watoto na mabungo nilokuwa nayo friza, hii kazi nimeifanya mwenyewe kwa mkono, nimeyaacha yayeyuke, nikayavuruga na mwiko taratibu mpaka ile nyama ikaachia kokwa, asubuhi ya kwenda nikachuja mara mbili, sukari na iliki kidogo, rangi yake ya njano ile imekolea vizuri, nikatia kwenye dumu la lita tatu na nyengine nikaiacha nyumbani. Watoto wa Pemba wanapenda bungo kufa, walilibeba lile dumu wenyewe kwa zamu kutoka kituo cha daladala mpaka getini.

Getini kuna meza mbili, wanaume na wanawake. Mwanangu wa kwanza ndo alokuwa na kikapu cha vinywaji akakiweka kwenye meza ya kwanza kwa kijana mmoja wa sekyuriti, kijana tu, labda ishirini na mbili hivi. Akasema shikamoo mama, nikamjibu marahaba mwanangu. Akatoa dumu la bungo, akalifungua, na kwa vile lilikuwa limetikiswa njiani na jua limelipiga likatoa ule mlio wa hewa, pssss, akashtuka akalisogeza puani akanusa. Akaniangalia. Nikaelewa anawaza nini, bungo likikaa kwenye joto linaanza kuchacha, lina kiharufu. Nikamwambia mwanangu hii ni bungo, nimeichuja asubuhi hii, nikaomba kikombe nikamimina nikanywa mbele yake, na mama yangu nae akanywa. Hapa sina lawama nae hata kidogo. Paki ina watoto, mtu anaweza kuingiza pombe ndani ya dumu la juisi, lazima anuse, lazima aulize, mimi mwenyewe nataka anuse.

Pia alimtoa mzee mmoja mbele yetu chupa mbili za soda za kioo na hapo pia namuunga mkono. Mabwawa yale watu wanatembea pekupeku, chupa moja ikivunjika pembeni ya bwawa vile vigae vikiingia kwenye maji havionekani, mtoto anakanyaga.

Lakini sasa baada ya kujua kama si pombe akasema, mama, haviruhusiwi. Nini hakiruhusiwi? Vinywaji vyote vya kutoka nje. Hata maji? Hata maji. Nikamuuliza imeandikwa wapi, akanionesha ubao nyuma yake, na ubao wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza, mstari wa tisa huko chini, na umewekwa ndani ya geti yaani mtu anausoma akishalipa tiketi. Nishalipa. Watu saba, mdogo bure, wakubwa elfu kumi na watoto elfu saba, hesabu mwenyewe.

Nikamwambia taratibu, mwanangu, huyu mtoto mgonjwa, anatakiwa anywe maji kila wakati, na kadi yake ya kliniki hii hapa, natembea nayo. Kijana akaishika ile kadi akaisoma, nikaona uso wake umebadilika, akasema mama mimi ningekuruhusu lakini nikiruhusu nakatwa mshahara, ngoja nimwite msimamizi. Tulisubiri dakika ishirini na tano, pale pale juani, foleni inapita pembeni yetu, watoto wa Pemba wameshika vitambaa vyao vya kuogelea wanatazama maslaidi kwa mbali, mama yangu kakaa juu ya kikapu. Msimamizi alipokuja hakuangalia kadi. Akasema ndani maji yapo yanauzwa. Nikamwambia kaka yangu, najua yanauzwa, lakini huyu peke yake kwa jua hili ananimalizia lita mbili na nusu mpaka tatu, na wenziwe sita. Akafikiri, akasema haya, chupa moja ya lita moja na nusu kwa ajili ya mgonjwa, na chupa ya maziwa ya mtoto mchanga, vyengine viache hapa utavichukua ukitoka.

Vyengine vikaachwa chini ya meza. Hakuna namba, hakuna karatasi, hakuna kivuli.

Sasa mimi nataka niseme hili kwa watu wote wenye maeneo kama haya Unguja na Pemba, kwa sababu nimeliwaza sana tangu siku ile. Ukaguzi una sababu yake, na sababu ikiwepo watu wanaielewa na wanaikubali. Viwanja vingi vya ndege ukisafiri nje wanakuzuia kitu cha maji kinachozidi mililita 100 kwenye mkoba wa mkononi, ile sheria ina asili yake, mwaka 2006 kule London walikamatwa watu walopanga kuripua ndege kwa maji maji ya kuripuka yaliyofichwa kwenye chupa za soda, na ndo dunia nzima ikabadilika. Sawa, unaacha chupa yako, na ukishavuka ukaguzi upande wa pili huna wasiwasi. Bandarini Malindi nako mabegi yanapita kwenye mashine, watoto wa dada yangu wameshuka pale na chupa zao za maji mkononi na hakuna aliyewauliza, kwa sababu maji ya kunywa ndani ya boti si hatari, bali kukosa maji ndo hatari. Pale pakini kijana alishanusa, alishaniona nimekunywa, alishajua kama ni maji na bungo. Usalama ulishamalizika pale. Kilichobaki ni kantini. Basi semeni ni kantini, msituwekee mtu wa usalama na sare akatuambia ni usalama, maana siku akituambia kitu cha usalama kweli kweli tutakuwa hatumuamini.

Wifi yangu anaishi Marekani, Florida, karibu na Orlando, na huko ndo kwenye mapaki makubwa ya dunia. Nilimpigia usiku ule ule, nikamuuliza huko mnafanyaje, maana huko nilidhani ndo kuna ukali zaidi. Akanambia Disney World, ile yenye Magic Kingdom ilofunguliwa 1971, mtu anaingia na chakula chake na maji yake na juisi yake, wanachokataa ni pombe, vyombo vya kioo isipokuwa vile vichupa vidogo vya chakula cha mtoto mchanga, na chakula kinachotaka kupashwa moto. Barafu ya kumwaga tu ndani ya kibegi hawataki, wanataka zile pakiti za barafu zinazogandishwa tena, na boksi la baridi lisizidi kama sentimita 61 kwa 38 kwa 46. Na kubwa kuliko yote, ukienda kwenye vibanda vyao vya chakula vyenye mashine ya soda ukaomba kikombe cha maji ya barafu unapewa bure, hununui kitu. Universal nako, mji ule ule, wao ni wakali kidogo, maboksi magumu hawataki, vyakula ni vile vidogo vidogo tu, lakini maji ya chupa mpaka lita mbili unapita nayo, na maziwa ya mtoto na chakula cha mgonjwa vimeandikwa kabisa kama vinaruhusiwa. Vyote hivyo viko kwenye mtandao wao, unasoma umekaa nyumbani kabla hujakata tiketi. Na wale wana biashara kubwa mno, wanauza soda na aiskrimu kila kona, na hawajafilisika kwa sababu ya chupa ya maji ya mama mwenye watoto.

Sisi je? Sisi ndo wenye ada ya mtungi mlangoni. Bibi yangu Makunduchi alikuwa na mtungi wake barazani na kata imelazwa juu ya kifuniko, mpita njia asomjua anapiga hodi anaomba maji anapewa, wala haulizwi katoka wapi. Na sikukuu za utotoni mwetu pale Mnazi Mmoja mama zetu walikuwa wanakuja na jagi na vikombe vya bati, mnabembea, mnakuja kunywa kwenye mkeka, mnarudi kubembea, na wauza barafu na ubuyu walikuwa wanauza vile vile mpaka jioni vinakwisha. Pesa ya kuchezea ilikuwa ya kuchezea.

Haya, ndani. Ndani ni pazuri, nisiwe mchoyo wa kusema. Maji ya mabwawa safi, unaona sakafu mpaka chini, vigae havitelezi, kuna waokoaji wanne nilowahesabu na hawakai kwenye simu, mmoja alimtoa mtoto wa watu kwenye bwawa la kina kabla hata mamake hajageuka. Slaidi ya watoto ina mtu juu na mtu chini. Kuna sehemu ya wanawake wenye kutaka stara, kuna sehemu ya kusalia na udhu wake, na mti mkubwa wa mkungu una kivuli cha kutosha familia kumi. Watoto wa Pemba sikuwaona masaa mawili, nilikuwa nasikia sauti zao tu. Mama yangu alikaa miguu ndani ya maji akasema siku nyingi hajapumzika hivi.

Kantini sasa. Maji ya nusu lita, yale ambayo dukani ni mia tano, pale elfu moja na mia tano. Soda elfu mbili na nusu. Juisi ya boksi elfu tatu, na bungo hakuna, ukwaju hakuna, juisi yoyote ya matunda yetu hakuna, ni maboksi na masoda tu, mkononi mwangu nimekatazwa bungo nilolichuja mwenyewe halafu ndani nauziwa maji ya rangi. Kufika saa nane nishanunua chupa kumi na moja za maji. Bomba la maji ya kunywa niliulizia, nikaoneshwa la chooni kwenye kunawia mikono. Nililiangalia nikaona siwezi, huyu mwanangu akipata homa ya tumbo tutalala wodini.

Na ilipofika karibu na alasiri likatokea nilokuwa naliogopa. Alitoka kwenye bwawa akaja akakaa karibu yangu kimya, na yeye si mtoto wa kukaa kimya, nikamuuliza vipi, akasema mama miguu inavuta. Wenye watoto wa sikoseli mnalijua neno hilo. Kila mtoto ana neno lake, wangu anasema inavuta. Nikamfunika kanga mbili, maana na baridi ya ghafla ya kutoka majini nayo inaweza kuleta maumivu si joto peke yake, nikampa maji yalobaki kwenye chupa yake, yalikuwa mafundo mawili. Nikampa dawa ya maumivu tulopewa kliniki, nikamtuma dadake kantini mbio, na foleni ya kantini siku ya sikukuu ilikuwa imefika mpaka kwenye bembea.

Pembeni yetu alikuwepo mama mwengine simjui, akaona, akaniambia dada mpeleke kwenye chumba cha huduma ya kwanza, kiko nyuma ya ofisi ya tiketi. Nikambeba mgongoni, miaka tisa lakini mwepesi. Dada wa pale, Mungu amlipe, hakuniuliza nimelipa nini wala kadi, alimlaza kwenye kitanda, akamsikiliza, akachukua gilasi akaenda kona ya chumba. Na pale kona ndo nikaona. Dispensa. Chupa lile kubwa la lita ishirini limepinduliwa juu ya mashine yake, maji ya baridi na maji ya kawaida, vikombe vya karatasi vimepangwa. Mwanangu alikunywa vikombe vinne vya maji ya kawaida pole pole, na alipokwisha akajazwa tena. Baada ya kama nusu saa rangi ikarudi usoni, akasema imeacha kuvuta. Alhamdulillah. Ilikuwa nyepesi, haikutupeleka hospitali, lakini mimi mikono ilikuwa inanitetemeka mpaka nashindwa kumfunga vifungo.

Sasa jamani ile dispensa moja, chupa la lita ishirini. Wekeni mbili nje. Moja karibu na bwawa la watoto na moja chini ya mkungu. Hamtaki watu walete maji yao, sawa, ni kwenu, lakini basi maji ya kunywa yawepo na yasiuzwe, kama vile vyoo vilivyopo na haviuzwi. Mtoto aliyecheza juani masaa matatu anatoka jasho na yumo ndani ya maji, hata mwenyewe hajijui kama anatoka jasho, kiu inamjia kichwa kishaanza kuuma. Hili si la sikoseli peke yake, ni la kila mtoto, na la mama yangu pia mwenye miaka sabini anaekunywa dawa za presha.

Kutoka tulitoka saa kumi na moja. Kikapu changu kilikuwa pale pale kilipoachwa, jua lilikuwa limezunguka limekipiga mchana kutwa. Dumu la bungo lilikuwa limefura, tumbo limetoka nje, kifuniko kimenyanyuka upande na njano imechirizika mpaka kwenye sakafu, siafu washajipanga. Nililimwaga kwenye mtaro mbele ya geti. Mtoto wa dada yangu mdogo, yule alolibeba asubuhi, aliniangalia namwaga hakusema kitu, akachukua dumu tupu akalibeba mpaka kituoni. Maji ya lita tano tuliyarudisha nyumbani nikamwagia mimea. Yule kijana wa sekyuriti alikuwa anamaliza zamu yake, akaja akaniuliza mtoto vipi mama, nikamwambia hajambo, akasema pole sana. Sina ugomvi nae, namuombea kheri, sheria hakuiandika yeye.

Kwa watakaokwenda, mimi nimejifunza hivi na ningetaka na nyinyi mfaidike. Pigeni simu kabla, msitegemee ukurasa, na muulize maji na juisi kwa neno lake, msiulize "vyakula" tu. Ukiambiwa maji hayaruhusiwi uliza bomba la kunywa liko wapi. Mwenye mtoto mgonjwa au mwenye sukari au presha, kadi ya kliniki ni nzuri lakini karatasi ya daktari yenye muhuri inayosema mgonjwa huyu atembee na maji yake ni bora zaidi, mimi nishaiomba na nimepewa, haikunigharimu kitu. Vioo acheni nyumbani kabisa, hata kichupa cha pilipili. Chupa ya dukani ambayo bado haijakatwa sili inapita kirahisi kuliko dumu, kwa sababu mkaguzi hana haja ya kunusa. Igandisheni usiku wake, itayeyuka taratibu na mtakunywa baridi mpaka adhuhuri, ila kwa mtoto wa sikoseli msimpe ya barafu moja kwa moja, iache iyeyuke na baridi itoke kwanza iwe ya kawaida. Bungo na ukwaju bebeni siku za pwani tu, Kizimkazi au Bwejuu huko hakuna geti, na dumu lisijazwe mpaka juu, na likae kivulini. Kwa mtoto alietapika au kuharisha huko huko, pakiti ya chumvi chumvi ya dawa beba moja kwenye mkoba haichukui nafasi, na ukiikosa basi lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazisha si vya mlima.

Fikeni mapema. Saa tatu wanafungua, saa tatu na nusu hakuna foleni wala kwenye kantini, na jua bado halijapanda, mnacheza mpaka adhuhuri mnaondoka zenu.

Meneja nilimpigia siku ya tatu yake, namba iko kwenye tiketi. Alinisikiliza mpaka mwisho hakunikata, nikamuhadithia la dispensa, akaniomba msamaha kwa mtoto na akasema ubao watautafsiri kwa Kiswahili wauweke nje ya dirisha la tiketi, na la maji ya kunywa atalipeleka kwa wenyewe wanaomiliki. Ubao dadangu alopita juzi kaniambia kweli ushawekwa, nje, Kiswahili juu Kiingereza chini. Dispensa bado. Watoto wa Pemba wanarudi kwetu Idi inshallah na washaanza kuuliza, nitawapeleka, na kama nitaikuta ile dispensa chini ya mkungu nitarudi hapa niongeze nyota ya nne siku hiyo hiyo.